Kafiri, Mshenzi, Mpagani: Taarikh ya Majina Matatu Kando ya Ziwa Nyasa

Aliye Mbinga akitaka kuteremka Mbamba Bay hana budi aziache nyuma konde za kahawa na mashamba ya ngoro, yale mashimo yaliyopangwa miteremkoni mfano wa sega la nyuki, ambayo Wamatengo walikuwa wakiyalima kabla hajafika kwao mtu yeyote mwenye kitabu mkononi. Kisha apite mizunguko ya milima hata joto la ziwa limpige usoni, na huko chini akute muhogo umeanikwa juu ya majabali, usipa umeanikwa mchangani, na kanisa karibu katika kila kijiji. Milimani Wakatoliki ndio wengi. Kando ya maji Waanglikana walitangulia, na Wakatoliki wakaja kuchanganyika nao. Waislamu ni haba. Mtu asemaye hadharani kwamba hana dini ni shida kumpata. Kwa hiyo mgeni aweza kudhani kwamba swali la kama ni tusi kumwita mtu kafiri, mshenzi au mpagani ni swali la watu wa mbali, ilhali kwa maoni yangu ni mahali pachache panapolifafanua swali hilo kuliko hapa, maana wazee wa ufuo huu waliitwa majina yote matatu, kwa zamu, na wageni mbalimbali, na kila jina lilipofika lilifuatana na hukumu yake.

Majibu mawili hutolewa aghalabu juu ya swali hili. Wenye dini husema kwamba jina si tusi, bali ni sifa iliyomo vitabuni, inayomweleza mtu alivyo kwa kuwa hakukubali jambo walilolikubali wao. Na walioitwa hujibu kwamba wameumia, na aliyeumia ndiye ajuaye palipomuuma. Mimi siridhiki na jibu lolote katika hayo mawili, kwa kuwa la kwanza latazama kitabu tu na la pili latazama moyo tu, na kati ya kitabu na moyo ipo dunia ya watu, yenye masoko, shule, ndoa, makaburi na mabaraza ya hukumu. Humo ndimo ninamotaka kuuliza: jina hilo lilipoandikwa juu ya mtu, lilimpunguzia haki gani? Likiwa lilimfanya auzike, au asisomeshwe, au asizikwe pamoja na mkewe, basi lilikuwa tusi hata lilipotamkwa kwa adabu na kwa ushahidi wa maandiko; na likiwa halikumwondolea kitu, basi ni itikadi ya msemaji, naye ana hiari ya kuishika.

Zamani, kabla ya wageni, hapakuwa na jina la asiyeamini, kwa sababu hapakuwa na mlango wa kuingilia katika imani wala wa kutokea. Mngoni alimtaja Chapanga, Mnyasa alimtaja Mulungu, na kati ya Muumba huyo na walio hai walisimama mahoka, ndio wazee waliotangulia, ambao mvua ilipokawia au mtoto alipougua walipelekewa unga na pombe, wakaombwa kwa majina yao. Mtu alizaliwa katika ibada hiyo kwa kuzaliwa katika ukoo, na mgeni aliyekuja na mizimu yake hakuambiwa kwamba ni ya uongo, aliambiwa tu kwamba si ya hapa. Walakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Walikuwa nalo jina lao la kumtoa mtu katika jamii, nalo ni mchawi, na aliyeitwa hivyo alinyweshwa mwavi. Akitapika alikuwa mwema, asipotapika alikufa. Katika kisiwa cha Likoma, kinachoonekana kutoka ng'ambo hii siku ya hewa safi, palikuwa mahali mahsusi pa kuwachomea wachawi, na hapo hapo ndipo wamisionari wa Kiingereza walipoanza mwaka 1903 kulijenga kanisa kuu la Mtakatifu Petro. Wangoni nao, walipokwisha kuzitiisha nchi zilizoelekea Ruvuma, waliwaita watu waliotekwa Wasutu, jina lisilo na harufu yoyote ya dini, nalo liliamua nani apate mke bila mahari kubwa na nani alime shamba la mwingine. Hivyo ufuo haukujifunza kutoka kwa wageni kwamba jina laweza kuua. Ulichojifunza ni kwamba laweza kutolewa kwa sababu ya imani.

Jina la kwanza lilikuja na misafara. Njia ya Kilwa Kivinje ilipita katika nchi za Wayao hata ziwani, na ng'ambo ya pili, Kota Kota, Jumbe alikuwa na bandari yake ya majahazi yaliyovusha pembe na watumwa. Na katika Ungoni, miaka ya mwisho ya karne ya 19, Mwarabu Rashid bin Masudi alikuwa na makao yake na biashara yake. Kwa watu wa misafara hiyo, mkaaji wa bara alikuwa mshenzi kwa kuwa hakukaa mjini, na kafiri kwa kuwa hakusilimu, na majina hayo mawili yalitumika kwa pamoja hata yakawa kama moja. Msomaji akitaka kuona jinsi yalivyotamkwa bila chuki na bila kusita, na akifungue kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa mwaka 1903, aone jinsi mtu mwungwana na mwenye elimu anavyowaeleza watu wa bara kwa jina la washenzi kama mtu atajaye kabila tu. Mtoro hakutukana. Alikuwa akilitumia neno la mji wake.

Lakini sheria iliyokuwa nyuma ya neno hilo haikuwa neno tu. Mafakihi walikubaliana kwamba Mwislamu huru hafanywi mtumwa, na kwamba anayeweza kufanywa mtumwa ni kafiri aliyetekwa katika vita vya halali. Na mwanachuoni Ahmad Baba wa Timbuktu, alipoulizwa juu ya jambo hili katika mwaka 1615 hivi, aliandika kwa insafu kubwa kwamba weusi si sababu ya utumwa, sababu ni ukafiri peke yake. Ni maneno mazuri kwa aliyekwisha kusilimu. Kwa Mnyasa aliyekuwa akivua mbasa wake usiku, yalikuwa na maana kwamba jina lililokuwa juu yake ndilo lililomweka sokoni. Wala Wakristo wasijione bora katika hili, kwa maana Papa Nikolasi wa Tano alikuwa amekwisha kumruhusu mfalme wa Ureno, kwa waraka wake wa mwaka 1452, kuwateka Waislamu na wapagani na kuwatia katika utumwa wa daima, na Wareno walipofika pwani yetu waraka ule ulikuwa umekwisha kuzeeka kwa kutumika.

Mafakihi waliweka sharti moja zaidi, nalo ni kwamba kafiri aitwe kwanza katika Uislamu kabla hajapigwa vita. Sijui msafara wa Kilwa uliokuwa ukikawia njiani kwa ajili ya sharti hilo. Waliowakamata watu, aghalabu Wangoni na Wayao, hawakuwa na haja ya fatwa, na walionunua hawakuuliza jinsi kilichouzwa kilivyopatikana. Na mtumwa aliyesilimu baada ya kufika Unguja hakuachwa huru kwa kusilimu kwake, kwa kuwa sheria iliutazama ukafiri wake wa siku aliyotekwa. Hapo ndipo ninapouona uzito wa jina lile kuliko mahali pengine popote: mtu aliweza kulivua moyoni, akasali na kufunga, akawapa watoto wake majina ya maswahaba, na bado likamfuata hata kizazi cha tatu kwa sura ya jina la kabila, kwa kuwa katika Unguja kumwita mtu Mnyasa ilikuwa ni kumwambia babu yake alinunuliwa.

Mwaka 1882 alifika ziwani William Percival Johnson, kijana wa misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoitwa UMCA, pamoja na padri Charles Janson, ambaye alikufa kando ya maji muda mfupi baada ya kuwasili. Jina la huyo marehemu likapewa meli ya kwanza ya misheni, iliyokuwa ikipita kijiji hata kijiji, ikishusha waalimu na kupakia wagonjwa. Makao makuu yakawekwa Likoma, na Johnson, ambaye aliishi karibu kipofu kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akaufuata ufuo wa mashariki kwa meli na kwa miguu kwa zaidi ya miaka 40, hata akafa mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali la Pomonda linalofanana na mnyama aliyelala. Johnson na wenzake waliuchukia utumwa kwa dhati, na wengi wa wafuasi wao wa mwanzo walikuwa watu waliookolewa katika minyororo. Hawakumwita mtu kafiri. Katika Kiswahili chao walifuata njia ya maandiko, wakawaita walio nje watu wa mataifa, nao Wakatoliki wakaleta jina la mpagani, lililotoka katika Kilatini, ambalo ndilo lililoshinda vinywani mwa watu.

Misheni ilipanga watu kwa daraja, na daraja zilionekana kwa macho. Mtu aliyeanza kusikiliza mafundisho alikuwa msikilizaji. Akiisha kupimwa muda mrefu alipokewa kuwa mkatekumeni na kuvikwa msalaba mdogo shingoni, na ilimpasa kukaa sehemu yake kanisani, na kutoka ibada ilipofikia siri zake. Na baada ya kupimwa tena ndipo alipobatizwa. Aliyekuwa nje ya daraja hizi zote alikuwa mpagani, naye aliweza kuwa ni mganga anayewapiga vita wamisionari, au ni bibi kizee asiyejua kinachogombaniwa, au ni jumbe aliyewapa kiwanja cha shule na kuwachagulia miti ya kujengea. Jina lilikuwa moja kwa wote hao.

Na hapo ndipo nionapo kosa la jina lile, kosa la ukweli kabla hatujafika katika kosa la adabu. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana, waliokutana Lambeth, walikata shauri kwamba mume mwenye wake wengi asibatizwe, bali adumu katika mafundisho mpaka aweze kuifuata sheria ya Kristo, na kwamba wake zake waweza kubatizwa kwa kadiri wakuu wa mahali watakavyoona inafaa. Nao Wakatoliki hawakuwa na ulegevu zaidi katika jambo hili. Tufikirie maana yake katika kijiji cha wavuvi, ambako mtu mzima mwenye heshima alikuwa na wake wawili au watatu, mmoja aliyemwoa kwa hiari yake na mwingine aliyemrithi kwa kaka yake aliyekufa maji. Mtu huyo alimwita mwalimu aje, alimpa nyumba, alipeleka watoto wake kwanza shuleni ili wengine wasiogope, alihudhuria Jumapili kwa Jumapili, akaziacha tambiko, akaamini kila neno alilofundishwa. Lakini hakuweza kumfukuza mjane wa kaka yake na watoto wake bila kuwa dhalimu mbele ya kijiji kizima. Akafa na jina la mpagani, huku mkewe mdogo akiwa Mkristo kamili. Kusema kwamba mtu huyo alikuwa asiyeamini ni uongo mtupu. Alikuwa anaamini kuliko wengi waliobatizwa wakingali wachanga. Lililomtoa nje ni sheria ya ndoa, na daftari halikuwa na mahali pa kuandika jambo hilo.

Huko juu, Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walianza Peramiho mwaka 1898 chini ya Cassian Spiss, wakaweka kituo Kigonsera mwaka uliofuata, na kwa njia ya Kigonsera wakauingia Umatengo. Walifika katika nchi iliyokuwa imekwisha kuonja bunduki: mwaka 1902 askari wa Kijerumani waliwaua Wamatengo wengi karibu na Litembo, milima ile ile ambayo watu walikuwa wakiikimbilia tangu zamani kwa hofu ya Wangoni. Kisha ikaja Maji Maji. Spiss, aliyekwisha kuwa askofu, aliuawa Agosti 1905 njiani karibu na Liwale pamoja na watawa waliofuatana naye, na Peramiho ikachomwa moto. Na Februari 27, 1906, wakuu wa Wangoni walitundikwa Songea, wakazikwa pamoja katika kaburi ambalo leo watu huliendea kila mwaka kwa heshima ya kitaifa. Kabla ya siku ile Padri Johannes Häfliger wa Kigonsera aliingia gerezani kuwafundisha waliohukumiwa, na wengi wao wakakubali maji ya ubatizo. Nimesikia watu wakilitaja jambo hili kuwa ni rehema, na nimesikia wengine wakilitaja kuwa ni fedheha ya mwisho. Langu ni dogo: katika siku chache mtu aliondoka katika upagani akaingia katika Ukristo, na kamba haikujali mabadiliko hayo, kama vile sheria ya watumwa isivyojali kusilimu kwa aliyekwisha kutekwa. Aliyekuwa akiuliza dini siku ile ni padri peke yake. Serikali iliuliza uasi.

Baada ya vita hivyo na njaa iliyofuata, watu walimiminika misheni, na kwa muda wa miaka 30 hivi jina la mpagani likawa jina la wazee. Jambo hili ndilo lililoupunguza ukali wake kuliko mahubiri yoyote. Mtoto aliyesoma Liuli au Kigonsera alirudi nyumbani likizoni akala ugali wa muhogo uliopikwa na mpagani, akalazwa na mpagani, akasimuliwa hadithi na mpagani. Na mpagani huyo ndiye bibi yake aliyemlea. Asingaliweza kulitamka jina lile mbele yake. Alisema, kama wasemavyo watu wa huku mpaka leo, kwamba bibi hajabatizwa bado, kana kwamba ni jambo la siku tu. Na mara nyingi ikawa kweli ni jambo la siku, kwa maana wazee waliokataa maisha yao yote walibatizwa kitandani pa mauti kwa mkono wa katekista aliyeitwa usiku, na mara nyingi katekista mwenyewe alikuwa mwana wao au mjukuu.

Waliomwita katekista hawakuogopa jehanamu peke yake. Waliogopa makaburi. Uwanja wa misheni ulikuwa wa waliobatizwa, kengele ililia kwa ajili yao, na msalaba wa mbao uliandikwa jina lao. Asiyebatizwa alizikwa kwao, kando ya shamba, na ndugu Wakristo walikuja mazishini bila kujua wasimame karibu kiasi gani. Mume na mke walioishi pamoja miaka 50 walitengana katika mchanga. Nimepata kuwasikia wazee wenye hekima wakisema kwamba jina la mpagani halikupata kuwauma siku yoyote isipokuwa siku ile moja, na mimi nadhani wamekata neno vizuri kuliko mwanachuoni yeyote. Siku nyingine zote lilikuwa sauti, siku ile lilikuwa ukuta. Tena lingewezekana kuepukwa bila kuharibu itikadi yoyote, maana ardhi haina ubatizo.

Vijana wa ufuo, waliokwisha kuwa Wakristo wa kizazi cha pili, walikwenda kutafuta kodi na mahari mbali: wengine katani huko Tanga, wengine kusini, kwa kuandikishwa na Wenela, shirika la kuitafutia migodi vibarua, hata migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Huko lilikuwako neno la Kiarabu lile lile la misafara ya Kilwa, lililochukuliwa na Wareno na Waholanzi, likasahauliwa kabisa asili yake ya dini. Mtu wa Lundu au wa Mbamba Bay, mwenye jina la mtakatifu na kitabu cha sala sandukuni, aliitwa Kaffir na msimamizi aliyekuwa Mkristo kama yeye, labda mwenye kusoma Zaburi zile zile jioni ile. Sioni ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba tusi halikai katika itikadi. Itikadi ilikwisha kuondoka katika neno lile, likabaki kuwa kipimo cha mshahara, cha mlango wa kuingilia na cha kitanda cha kulala, na ndipo lilipokuwa tusi kubwa kuliko yote, hata mwaka 2018 mahakama huko Johannesburg ikamhukumu mwanamke mmoja kifungo cha gerezani kwa kulirudiarudia mbele ya askari polisi.

Uhuru ulipokuja, majina yaliondolewa nguvu zake moja baada ya jingine, na kazi hiyo ilifanywa na sheria zilizoandikwa bila madaha. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza dini ya mtu; tangu hapo serikali haijataka kujua. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa serikali, na mtoto wa mganga wa Umatengo hakuhitaji tena jina la mtakatifu ili apate nafasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliiweka ndoa ya mila, ya Kiislamu, ya Kikristo na ya serikali katika daraja moja mbele ya hakimu, na yule mjane aliyerithiwa, ambaye miaka 80 nyuma alimfanya mumewe asibatizwe, akawa mke kwa sheria ya nchi. Makanisa nayo yalibadili usemi: Mtaguso wa Vatikano ulizungumza mwaka 1965 kwa heshima juu ya dini nyingine, na John Mbiti wa Kenya akachapisha mwaka 1969 kitabu kizima kuonyesha kwamba Mwafrika alikuwa na dini kabla hajaletewa. Nakiheshimu kitabu chake, lakini nadhani Sheria ya Ndoa ilimfaa mpagani zaidi.

Wapo watakaosema kwamba nayatazama mambo ya zamani tu, na kwamba watu wangali wanaumizana kwa majina haya bila sheria yoyote kuwa nyuma yake. Ni kweli. Katika miaka ya 1980 na 1990 mihadhara ya hadhara, ambamo wahubiri wa Kiislamu waliishika Biblia na kubishana nayo, ilizusha katika miji yetu neno kashfa, na mwaka 1998 damu ilimwagika Mwembechai, Dar es Salaam. Mwaka 2001 mahakama ya wilaya ya Morogoro ilimhukumu mhubiri mmoja wa Kiislamu kifungo cha miezi 18 kwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu, nayo Mahakama ya Rufani baadaye ikaifuta hatia hiyo, kwa kuwa mtu atoaye itikadi yake bila kusudi la kuumiza nyoyo za wengine hakosi chini ya kifungu cha sheria alichoshtakiwa nacho. Mahakama ilifanya sawa. Mwislamu akisema kwamba Mkristo wa Liuli ni kafiri kwa kipimo cha elimu yake, na Mkristo akisema kwamba Mwislamu wa Tunduru hajaokoka, wote wawili wamesema wanaloliamini, na hakuna ng'ombe aliyepotea. Lakini huko Indonesia, mwaka 2019, wanachuoni wa Nahdlatul Ulama, chama cha Kiislamu chenye mamilioni ya wafuasi, waliokutana mjini Banjar, walishauri kwamba raia asiye Mwislamu asiitwe kafiri katika mambo ya nchi, kwa hoja kwamba yeye ni mwananchi, na haki yake ni sawa na ya mwingine. Hawakukifuta kitu katika kitabu. Walilitoa jina katika baraza la serikali, wakaliacha msikitini lilipo na maana yake.

Sisi hatukulitoa kila mahali. Katika kumbukumbu za mahakama zetu, tangu zama za Mwingereza, shahidi aliandikwa jina lake, umri wake, kabila lake na dini yake, na mzee asiye na kanisa wala msikiti, alipoulizwa dini akajibu kwamba hana, karani aliandika "Mpagani" bila kuinua kichwa. Kwa hukumu ya kadhi wa pwani katika karne ya 19 neno hilo lingalitosha, maana ushahidi wa kafiri juu ya Mwislamu haukupokewa. Kwa Sheria ya Viapo ya mwaka 1966 mambo ni mengine: Mkristo huapa, asiye Mkristo huthibitisha, na asiye na kitabu chochote huthibitisha kwa kauli yake, akisema uongo adhabu yake ni ile ile ya mwenye Biblia, na akisema kweli juu ya mpaka wa shamba la kahawa au juu ya nyavu zilizoibwa, hakimu aweza kumwamini yeye na kuwakataa mashahidi watatu waliobatizwa.